Kantangaze

Jina lake lenyewe ni agizo: kanitangaze.
Mimi nikanyamaza siku tisa.

Siku ya kwanza niliona dirisha kwenye jani,
dogo, kama kioo cha saa ya mkononi.
Nikaliinua, jua la Hombolo likapenya,
na humo ndani, kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini,
kuna mtu anakula.
Si mtu, kiwavi. Lakini alikula kama mtu
aliyefunga mlango: bila haraka,
kinyesi chake cheusi kakisukumia pembeni.

Nikalichuma jani nikalitia mfuko wa sweta.

Dalali wa Majengo alishanipa arubuni
ya matenga arobaini, na dalali akilisikia jina hilo
bei inashuka kabla hujamaliza kulitamka.
Pampu ya maji bado deni.
Ndahani yuko bweni, barua ya ada imefika kabla ya salamu zake.

Jioni Mheta akaniita toka ng'ambo ya mfereji:
"Mbukwa, Mama Ndahani! Nyanya zinasemaje?"
"Zipo. Zinamshukuru Mungu."
Mfukoni jani lilikuwa limeanza kunata.

Nikapulizia dawa ya kopo jekundu.
Nikapulizia ya kopo la njano.
Nikapulizia ile ambayo kijana wa duka la pembejeo
aliisifia, "Hii mama, mwisho wa maneno."
Maneno hayakwisha.
Usiku niliwaona kwenye mwanga wa simu,
vipepeo vya kijivu, vyembamba kama ganda la uwele,
na huu upepo wetu wa mwezi wa saba,
unaong'oa bati na kujaza mchanga kwenye ugali,
ukivibeba kuvuka mfereji
bila nauli,
kwenda kwa Mheta.

Nikalala. Sikulala.

Siku ya tisa nyanya zikaiva vizuri mno,
nyekundu ya kumtia mtu aibu.
Chini ya kikonyo kitobo, kama cha sindano ya muuguzi.
Nikaipasua: barabara nyeusi hadi moyoni.
Nikapasua ya pili. Ya tano. Nikaacha kupasua.

Nikavua ndala, nikavuka mfereji kwenda kusema.
Nilikuwa nimeyapanga maneno, hata kilio nilikuwa nacho tayari.

Mheta alikuwa amechuchumaa katikati ya matuta,
mgongo kwangu,
ameinua jani juani.
Akalitazama sana.
Kisha akalikunja mara mbili
akalitia mfuko wa suruali,
mfuko uliotuna kama wa mtoto aliyeiba karanga.

Akageuka.

"Kwako ilianza lini?" nikamuuliza.
"Na kwako?"

Hakuna aliyejibu.
Pampu yake ilikuwa inakohoa, mafuta yameisha.
Nikaingiza mkono kwenye sweta,
nikamwaga majani yote pale chini, miguuni pake,
yamekauka, yana madirisha matupu,
na Mheta naye, taratibu,
akaanza kugeuza mifuko yake nje.