Wiki ya Kumi na Nne

Tairi la kushoto bado lina meno.
Chomeka sarafu ya mia mbili kwenye mfereji wake,
yule samaki anazama mpaka jichoni.
"Mama Zamzam, hili bado kijana,"
asema Onzima, akilipiga teke la kirafiki.
Lakini mimi nilikuwa mkunga miaka thelathini na moja:
sitazami nywele za mtoto, natazama kitovu.

Nikapiga magoti kwenye vumbi jekundu la Arua,
nikalifuta ubavu kwa ncha ya leso
hadi zikatoka tarakimu nne:
14, kisha 09.
Wiki ya kumi na nne, mwaka elfu mbili na tisa.

Wiki hiyo Khemis alikuwa bado anabishania bei
na Mholanzi mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao.
Mwisho wa mwaka akaivuta nyumbani,
nyumba ya magurudumu mawili,
vitanda viwili, jiko la gesi, dirisha la kuteleza.
Akaivisha mpira mpya, akaiegesha kando ya kisima:
tukistaafu, Kasese,
tukaione theluji ikikaa juu ya migomba.

Tukastaafu. Yeye akaenda kwingine.

Kuku wakataga chini yake.
Tairi halikwenda hata hatua,
na bado limepasuka nyufa nyembamba
kama kisigino changu mwezi wa Januari,
jua upande mmoja, uzito upande uleule.
Kumbe mpira hauuawi na barabara peke yake.
Kusimama nako ni mwendo.

Onzima akaleta mengine, yamepakwa dawa nyeusi,
yanang'aa kama viatu vya bwana harusi.
"Ya gari dogo. Laki moja na nusu kila moja. Yataingia."
Kuingia, hata mimi naingia gauni la binti yangu;
kuketi ndiyo kazi.
Nikasoma ubavuni: themanini na nane.
Yaani kilo mia tano na sitini, basi.
Mawili, elfu moja mia moja na ishirini.
Na jana, kwenye mizani ya ghala la tumbaku,
nyumba yangu na maji yake, na sufuria,
na cherehani niliyokataa kuiacha,
ilisoma elfu moja mia tatu na kumi.
"Onzima, unataka nizalie njiani?"
Vijana wakacheka. Yeye akajikuna shingo.
Rahisi huvunja upishi, nikamwambia,
na hapa ni jiko na nyumba yake.

Niletee yenye tisini na tisa.
Ubavu mgumu, usioyumba lori likinipita.
Ya mwaka huu, na yawe pacha,
usiniozeshe mrefu kwa mfupi.
Na la tatu, la akiba,
maana dua haijazwi upepo.

Akapiga simu Kampala, Kisenyi.
Siku nne. Laki tatu na tisini kila moja.
Nikazihesabu noti za pensheni juu ya boneti,
moja moja, nikirudia, kama matone ya dripu.

Yalipofika niliyanusa kwanza.
Mpira mpya unanuka glavu za wodini
kabla mtu hajazaliwa.

Fundi Candia akayaomba makuukuu, akate lugabire.
La kulia nikampa.
La kushoto, nikasema, nikatie pea moja, namba tisa.
Hakuuliza ni mguu wa nani.

Sasa tuko Nebbi, tumefika kilomita sabini na kitu.
Mpwa wangu Marajan amezima pikapu, anatafuta chapati.
Mimi nimeteremka na spana,
kwa sababu Candia alisema nati za jana hulegea leo,
zikazwe tena gurudumu likishazoea.
Nne zimegoma.
Ya chini imekubali robo mzunguko.

Lugabire zinanizidi vidole viwili.
Kwenye mkanda wa kulia, ukiinama vizuri,
14 09 bado inasomeka.