Unene wa Ukucha

Pijo ya Mwalimu Ndetaulwa imeletwa kwa kusukumwa
na vijana wanne wa Pasua.
Ikiwaka, inafuka nyeupe inayochoma macho,
harufu ya dizeli mbichi, isiyoiva.
Mwalimu anautoa ule utani wa zamani wa jina la mji wetu,
hatucheki.
Anasema mlima wa Kirua umemshinda kwa gia ya pili:
juzi mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani
alimsalimia kwa heshima zote, kisha akampita.

Fundi Mrutu hasemi kitu.
Ananipa spana ya kumi na tatu.
Nati za pampu nazilegeza nusu tu,
kama mgeni anavyolegeza mkanda baada ya kula
asionwe na wenyeji.
Ya nyuma haionekani. Naitafuta kwa vidole
kati ya bomba na bloku. Ngozi inabaki huko.

Saa ya kipimo tuliiuza Februari,
ikawa ada ya kitinda mimba wake.
Alisema kazi hii ilifanywa kwa masikio kabla ya saa.
Kweli.
Ila miaka arobaini ya injini imekula sikio la kulia,
na la kushoto limeshaanza kulika.
Hajaniambia. Nimejua kwa redio,
kwa anavyowatazama wateja midomo.

Upande wa bloku ni kuwahi. Upande wa betri, kuchelewa.
Dizeli haina cheche ya kuipigia hodi;
inarushwa kwenye hewa iliyobanwa hadi ikawa moto,
na shauri lote ni lini.
Ikiwahi, chuma kinagongwa kama mlango wa mdaiwa.
Ikichelewa, injini inaguna tu,
mtu aliyeamshwa alfajiri kwenda msiba wa watu asiowajua.

Tunawasha. Anaikumbatia pampu kwa mikono miwili,
anaisogeza unene wa ukucha,
ananitazama.

Nimesimika bisibisi kwenye bloku, mpini sikioni.
Sikio halipiti kichwa, alikuwa akiniambia
kila nilipojifanya najua.
Leo kichwa kimeinama, kinangoja.

"Bado," nasema, kwa mdomo mpana, aone.
Anasogeza.
"Bado."
Ule weupe unapungua, unakuwa uzi,
unakuwa pumzi ya mtu asubuhi ya Julai.
Halafu mgongo mkavu, mdogo, kama kokoto ndani ya debe.
"Imepita. Rudisha."

Hajawahi kuambiwa rudisha na mtu wa umri wangu.
Msichana, tena.
Anarudisha. Nusu ya ukucha. Robo.

Na hapo, sijui niiteje,
silinda nne zinaacha kugombana,
inabaki sauti moja nzito, mahindi yakimiminwa
gunia hadi gunia.

"Hapo, fundi."

Anakaza nati bila kuziangalia.
Ananiangalia mimi, kisha mkono wake
anaulaza juu ya kifuniko cha injini, anauacha pale,
anasikiliza kwa kiganja.

Mwalimu anauliza ni shilingi ngapi.
Fundi hajasikia.
Nataja bei mimi. Naongeza elfu kumi
ya saa ya kipimo,
tuanze kuchanga upya.