Mji wa Chaki

Jumatano usiku, Wete. Duka la Mize limefungwa mbele,
limefunguliwa nyuma.
Juu ya meza ya kukatia nguo
nachora mji ambao haupo:
ukuta, lango, kisima kilichozibwa,
kwa chaki ya fundi, ile bapa, nyeupe,
juu ya bitana nyeusi iliyobaki na mteja.

Dado letu la pande ishirini lilipotea Ramadhani.
Faki anasema panya. Panya gani anayejua hesabu?
Sasa tuna vifungo ishirini ndani ya kopo la maziwa,
kila kimoja na namba yake kwa rangi ya kucha.
Unatia mkono, unasoma bismillahi kimoyomoyo,
unatoa ulichoandikiwa.

Mkasi, ambaye mchana huwapima watu presha hospitali,
usiku ni mwizi. Mwizi hodari, hana imani.
Shaame ni mfalme aliyenyang'anywa kiti;
yuko Maskati, anauza vigae,
hucheza kwa sauti anazojirikodi chooni saa za kazi
nazo hutufikia vita vimekwisha.
"Nachomoa upanga!"
Sisi tushamzika.
"Nshakufa mie? Tangu lini?"
Tukavirudisha vita nyuma. Kwetu inaruhusiwa.

Juzi mpwa wangu kanionesha simu yake:
inasimulia yenyewe, Shangazi, haichoki,
wala haihitaji watu wanne.
Nikaijaribu. Ikanipa joka, ikanipa hazina,
kila nilikopita ikanipisha.
Hapakuwa na wa kuniambia, "Muongo wee!"
Hapakuwa na wa kunimalizia njugu zangu.

Anauliza mchezo wetu utafika wapi.
Sijui. Faki naye kajaza fomu za chuo, Dodoma.
Najua hili tu:
Mize alipata kazi ya haraka, joho la bwana harusi,
na bitana haikutosha.
Akaukata mji wetu. Akaushona kwa ndani.
"Chaki itatoka wakilifua," alisema,
na hakunitazama usoni.

Jumapili nikamwona bwana harusi akiingia ukumbini,
vigelegele, marashi, jasho linamchuruzika,
na katika umati ule
ni sisi watatu tu tuliojua
kwamba chini ya kwapa lake la kushoto pana lango,
walinzi wawili wamesinzia,
na mwizi mmoja, presha yake mia na ishirini kwa themanini,
keshaingia.