Tangi Dogo

Karakana ya Chilewa, Chang'ombe, saa mbili usiku.
Tumechana boksi la tairi, tumelilaza sakafuni,
na kalamu ni kidole changu
kilichochovywa kwenye oili chafu.
Nachora Dodoma: doa.
Nachora Mtera: doa jingine, linatambaa lenyewe,
maana maji hata kwenye ramani hayatulii.

Kati ya doa na doa kuna lami,
Fufu, Chipogoro, ukiondoka na jua hujachoka umefika.
Kidori anaitaka hiyo.
"Lami haina fitina," anasema,
yeye aliyevunja kioo mara mbili kwenye lami hiyohiyo
akikwepa mbuzi.

Mimi nazungusha kidole mashariki:
Mbande, Kongwa, Mpwapwa tunywe chai,
kisha tuiache lami kama mtu aachavyo viatu mlangoni,
tupande Kibakwe, tushukie Rudi,
tuingie Mtera kwa mlango wa nyuma.
Siku mbili. Usiku mmoja wa hema njiani.

"Tulale wapi?"
Si korongoni. Najua mchanga wake,
unaita kama godoro la mgeni,
lakini korongo hunyeshewa na mawingu ya watu wengine
na maji yake hayapigi hodi.
Hata Julai? Hata Julai.
Tutalala juu, kwenye mabua ya uwele uliokwisha vunwa,
tukiomba kwanza kwa mwenye shamba,
tukifagia miiba ya migunga kabla ya kuegesha,
maana tyubu haina msamaha.

Sechelela anaandika: tyubu nne, gundi, pampu,
sufuria moja, chumvi,
turubai la Yaledi lenye tundu
(tundu likae upande wa Yaledi).

Halafu hesabu. Hapo ndipo wananinyamazia.
Safari ya kundi haipimwi kwa anayekimbia,
inapimwa kwa tangi dogo.
La Nhonya linabeba lita nane na koki yake inalia machozi,
basi sote tuna lita nane,
hata Yaledi na lile dude lake
linaloweza kwenda Singida na kurudi bila kuomba.
Baada ya Kibakwe tutatafuta petroli ya chupa,
zile zinazopangwa kwenye stuli mbele ya duka
kama dawa ya kikohozi. Tutaichuja kwa kitambaa.
Tutakwenda mwendo wa Nhonya. Na asione haya.

Najumlisha. Naandika jibu pembeni,
nalizungushia duara.

Chilewa anaangalia duara muda mrefu
kama anavyosikiliza injini.
"Hizi ni lita za pikipiki tano."
Anafuta mikono kwenye suruali.
"Sisi ni sita."

Ningeweza kusema nimekosea.
Nimewahi kukosea; kule Haneti tulisukuma
mpaka mbwa wa kijiji wakachoka kutubwekea.
Lakini pale ukutani, nilipozoea kuegesha,
pana ndoo ya grisi tangu Jumatatu,
na hakuna aliyeuliza.
"Kijana amepangiwa kidato cha tano," nasema.
"Bweni. Godoro, sanduku, nauli.
Na pikipiki ilikuwa na mteja."

Nilikuwa na maneno mengine nimeyapanga,
kwamba ramani ni yenu,
kwamba mnipigie mkikuta mtandao.

Yaledi anapiga goti.
Anachovya kidole chake kwenye oili yangu,
anafuta duara, hanitazami.
"Likibeba wawili linakunywa zaidi," anasema.
"Na mlima wa Kibakwe hatutaupanda kwa gia ya tatu.
Umenipunja. Piga upya."

"Na tundu la turubai?" anauliza Sechelela,
kalamu ikiwa hewani.

Nachovya kidole.
Naanza tena, Mbande.