Alama Nyekundu Pembeni mwa Seli

Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
barazani kwa Bi Mwantumu Shekue,
wanachama kumi na saba na simu moja ya kikundi,
kioo chake kimepasuka pembe hadi pembe.
Ajenda ni moja: programu ipi itunze hesabu zetu
sasa kwa kuwa Salha hayupo.

Ya buluu inataka akaunti. Inataka neno la siri,
ndani yake herufi kubwa, namba, na alama ya mshangao.
Ukishaipa vyote inakuuliza: wewe ni binadamu?
"Ndiyo, mwanangu," akajibu Bi Mwantumu kwa sauti,
tukacheka hadi kahawa ikamwagika mkekani.
Halafu kila mwezi yadai kodi, kama mwenye nyumba.

Ya chungwa haina makuu.
Inafunguka kabla hujamaliza bismillahi.
Ila kila ukihifadhi inakuletea tangazo:
mkopo wa dakika tano, dawa ya nguvu,
binti usiyemjua anayetaka kuzungumza nawe.
"Naye alete kiingilio," alisema Mbaruku,
"hisa elfu mbili, kama sisi."

Zizi dogo, fahali wawili. Simu imejaa.
Tukapiga kura: nane kwa nane.
"Katibu," wakasema, "umebaki wewe."
Nikaomba usiku mmoja.

Mikanjuni, chumbani kwangu, simu kwenye chaji,
nikalifungua daftari la marehemu kwa hii, kisha kwa ile.
Pakua, futa, pakua tena.
Waja leo, waondoka leo: hivyo ndivyo tusemavyo Tanga,
na hivyo ndivyo zilivyopishana mlangoni mwangu
mpaka bando la elfu mbili likakata roho.

Ndani ya ya chungwa namba za Salha zilikaa sawasawa,
safu kwa safu, kimya,
kama vyombo vilivyooshwa.

Ndani ya ya buluu, pembeni mwa seli,
alama nyekundu. Ndogo, kama mbu kauma hapo.
Nikaigusa.

*Pili kalipa nusu. Asidaiwe. Mumewe kalazwa Bombo.*

Nikagusa nyingine.

*Mbaruku karudisha pungufu, kaona haya kusema.
Nimemwambia imetimia.*

*Mwenyekiti kakopa kwa jina la mwanawe. Najua.
Ni karo. Tumwache.*

Ziko thelathini na moja. Nimezihesabu.
Miaka minne mwanamke yule alikaa nasi mkekani,
akila kashata, akitutania,
na aibu zetu zote amezikunja vizuri
mahali ambapo mwenye haraka hatapagusa.

Ya ishirini na sita ilikuwa kwenye safu yangu.

*Katibu kakosea kujumlisha. Elfu kumi na mbili.
Nimejazia. Asijue, atalia.*

Sikulia. Nilikwenda kukoroga uji,
nikaukoroga muda mrefu kuliko uji unavyohitaji.

Asubuhi wakaniuliza.
"Ya chungwa," nikasema.
"Kwa nini?"
"Nyepesi. Na haidai kodi."
Wale wanane wakapiga makofi, wale wanane wakanuna.
Bi Mwantumu akanitazama,
akafungua mdomo, akaufunga,
akaniongezea kahawa nisiyoiomba.

Ya buluu nimeiweka kwenye simu yangu.
Nimefuta picha za harusi ya binamu ili ipate pa kulala,
na kodi yake nalipa mwenyewe, kila tarehe tatu,
kwa neno la siri ambalo silisemi,
lakini lina herufi kubwa, na herufi hiyo ni S.

Wiki ile niliweka elfu kumi na mbili sandukuni.
Kwenye jedwali jipya nikaandika: *mchango*.
Nikatafuta pembeni mwa seli mahali pa kueleza.
Hapana mahali.
Nikahifadhi,
na programu ikaniuliza, kwa herufi za kumetameta,
kama nahitaji mkopo wa dakika tano.