Maana ya Pili

Jabiri ameleta kazi ya nyumbani:
Tunga sentensi mbili kuonyesha maana mbili
za neno buibui.
Mistari miwili tu mwalimu ameacha,
kama mtu anayepima ziwa kwa kikombe cha chai.

Tumekaa Kaloleni, kando ya cherehani iliyofunikwa shuka.
Ya kwanza anaiandika bila kuinua kichwa:
Buibui ana miguu minane.
Ya pili inamkwama. Anatazama ukutani,
kwenye msumari, inaponing'inia nguo ile,
nyeusi, mikono imelegea,
kama mtu aliyetoka akasahau kujichukua.

Nani alimwazima mwenzake jina?
Niliwahi kumwuliza shangazi Mastura. Pini zimo mdomoni,
akacheka kwa pembe moja ya midomo:
"Kitambaa kilikuja na treni kutoka pwani,
jina limeshashonewa ndani.
Mie sikuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na sita,
nilikuwa nauliza bei."

Lakini shemeji yetu wa Busia, muuza vitenge,
anasema Waganda mdudu humwita nabubi.
Tangu siku hiyo naligeuzageuza ulimini:
bubi, bui, buibui.
Neno limetembea kwa miguu kabla ya reli,
likadondosha herufi njiani
kama mtoto mgongoni anavyodondosha kiatu,
na mama hajui mpaka wafike.

Na kazi yake ni nini? Kutanda.
Mawingu yametanda upande wa vilima vya Nandi.
Kamba zikatandwa juu ya miti minne, tukapata kitanda,
tukazaliwa humo, tukagombania humo shuka.
Maziwa yakipoa yanavaa utando.
Simu ya jirani inapandishwa juu ya kabati kutafuta mtandao.
Na kwenye jicho la kushoto la shangazi,
daktari pale Russia amemulika tochi
akaona utando.
Mweupe, alisema. Umekomaa.
Alilisema kama tunavyosema embe.

Hapo nikachoka na maneno kwa siku kadhaa.

Msimu wa wadudu wa ziwa, wanapopanda majini kama moshi,
kila taa ya mtaa huu hufumiwa shela la kijivu,
limejaa, limelemea, linapepea.
Majirani hutoka na fagio.
Shangazi hakuwahi. "Fundi hafukuzi fundi," husema,
na dirisha la chumba chake halijaonja kitambaa cha vumbi
tangu mimi nisome darasa la tatu.

Yuko mwingine, mdogo kuliko punje ya mtama.
Huyu hatandi kitu. Anaruka.
Humvizia mbu aliyekwisha kushiba.
Jabiri alipolala na malaria mwezi wa nne
nilimwona juu ya chandarua,
akila damu yetu kwa mkono wa pili,
nikasema basi, huyu naye ni wa ukoo,
apewe kiti.

Saa mbili na nusu. Jabiri ametafuna penseli hadi risasi.
Anasukuma daftari kwangu:

Buibui ameningʼinia ukutani
anamngojea shangazi atoke hospitali.

Najua mwalimu atafanya nini na wino wake mwekundu.
Mdudu ni a-, nguo ni li-.
Buibui limening'inia. Linamngojea.
Kiambishi kimoja tu, ndicho kinachotenganisha
kiumbe na kitambaa.

Nimeshika kifutio.
Mlango ukapigwa na upepo wa ziwani, ile nguo ikavuta pumzi,
mkono mmoja ukainuka kidogo,
ukashuka.

Nikamrudishia daftari.
"Sawa?" akauliza.
Nikamwambia aandike tarehe, akalale.