Hesabu ya Juni Thelathini

Leo tunafunga vitabu.
Tangu saa moja asubuhi nahesabu misumari kwa kilo,
bawaba kwa jozi, makopo ya rangi kwa kuyatikisa
nisikie kama ndani kuna rangi au jiwe.
Kiboriloni kuna baridi ya kushika masikio,
mlima haujaonekana tangu Jumanne,
na tajiri, Bwana Eliakimu, amevaa makoti mawili,
anauliza tu: "Zipo ngapi?"
Zilizopo nasema. Zilizopungua nasema.
Hata gundi iliyoliwa na panya naiandika.

Usiku, chumbani, nafungua daftari langu.
Kaunta buku ya kwaya mbili, mgongo mwekundu,
niliyoinunua Desemba kwa bakshishi ya sikukuu
nikaandika ndani ya jalada, kwa mwandiko wa mtu aliyeshiba:
Kila Jumapili ukurasa mmoja. Mwaka huu sitanii.

Haya, Ndeanasia, tuhesabu.

Jumapili zilizopita: ishirini na sita.
Kurasa: tisa.
Katika hizo tisa, mmoja ni orodha ya kipaimara cha Anaeli,
mchele, mbuzi, viti mia vya kukodi,
na mwingine ni pesa nilizomkopesha kaka,
ambayo nayo ni hadithi, ila mwisho wake naujua.
Zimebaki saba.

Januari niliandika kama mtu anayekimbizwa.
Februari nikasingizia umeme.
Machi sikumbuki, na daftari nalo halikumbuki.
Aprili kuna neno moja juu ya ukurasa mzima,
*Shangazi*,
kisha doa la wino, pale kalamu ilipokaa
ikinisubiri.
Mei sina udhuru. Mei nilikuwepo tu.

Dukani upungufu una safu zake:
kimevunjika, kimeibwa, hakijulikani kilipo.
Nimejaribu kuzipanga Jumapili zangu humo,
zimekataa.
Nani aibe Jumapili ya Pasua,
nguo zimelowa kwenye kamba na kwaya ya jirani
inarudia ubeti uleule hadi adhuhuri?

Halafu kuna Manka.
Manka mpangaji mwenzangu, mshona sare za shule,
alilibeba daftari akidhani ni lake la vipimo
(majalada yetu ni pacha, duka moja, bei moja).
Akalirudisha na vumbi la chaki ya cherehani
na swali: "Mbona yule mbwa hukummalizia?"

Mbwa wa stesheni, ukurasa wa sita,
aliyelifuata gari la maiti kutoka mjini mpaka Himo.
Watu wameniambia haiwezekani, ni mbali.
Manka hasemi haiwezekani.
Anasema: "Alifika?"
"Sijui. Nilichoka."
"Basi pumzika, halafu uniambie."

Wiki ya tano hii, kila tukikutana bombani,
ndoo chini, mkono kiunoni:
"Mbwa?"
Hajawahi kuuliza ni kurasa ngapi.

Nimechukua rula. Nimepiga mistari miwili myekundu
chini ya saba, kama ninavyofanya kazini.
Nikaandika: *Kuanzia Julai, kurasa mbili kwa*,
nikakata.

Chini ya mistari miwili
mhasibu haruhusiwi kuandika kitu.
Naandika:

Himo kulikuwa kunanyesha.
Mbwa alipanda kwenye mizani ya malori akasimama,
amelowa, ulimi nje,
na mizani haikusema lolote,
hakuwa na uzito wa kumtoza mtu faini.
Akatazama barabara hii, akatazama ile.
Miaka minne alikula mabaki ya maandazi
katika mkono mmoja, pale stesheni,
na sasa mkono huo ulikuwa unapanda kwenda Marangu.
Najua alivyotazama.
Nilikuwa ndani ya gari, kiti cha nyuma,
kioo kimejaa ukungu,
nikaufuta kwa kiganja,
na sikumwambia dereva asimame.